Ugonjwa wa Kamera ya Marehemu Shitanda

Siku ya Jumamosi, tarehe 11 Agosti, mwaka wa 1951, Nasike alisimama kwenye baraza ya duka la Lalji mjini Eldoret, ameshika bahasha ya picha ambayo hakutaka kuifungua. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, na barabara ilikuwa matope matupu yaliyochorwa mistari na magurudumu ya malori. Picha hizo zilikuwa za Mzee Kiptoo, mnyapara wa shamba moja la mzungu huko Kesses, ambaye alikuwa amesimama papo hapo barazani pamoja na mkewe. Wote wawili walikuwa wamevaa nguo zile zile walizovaa siku ya kupigwa picha, kana kwamba picha zingewakataa wakija na nguo nyingine.

"Fungua, Mama," Mzee Kiptoo alisema. "Tumetoka nyumbani kabla ng'ombe hawajakamuliwa."

Nasike alifungua. Mzee alichukua picha ya juu, akaigeuza kwenye mwanga, akaisogeza mbali na macho, kisha akaisogeza karibu.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Mzee."

"Na huyu hapa kando ni mke wangu, ama ni mke wa mtu?"

Mkewe alicheka kidogo akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa, lakini alipoitazama picha kicheko kilimwisha. Sura zao zilikuwa zimefifia kama sura za watu wanaoonekana nyuma ya moshi. Zaidi ya hayo, kwenye pembe ya juu palikuwa na mstari mweupe ulioteremka mpaka begani mwa mzee, kana kwamba mtu amemwaga maziwa juu ya karatasi.

"Mimi nimepita Burnt Forest asubuhi ya mwezi wa saba," Mzee Kiptoo alisema, "na hata ukungu wa kule haufikii huu." Alizirudisha picha ndani ya bahasha kwa upole, akamkabidhi Nasike. "Nitarudi, Mama. Lakini sitarudi mara nyingi."

Walipokwisha kuondoka, Nasike aliingia dukani. Lalji alikuwa nyuma ya meza yake ndefu, anakunja kitambaa cha marekani. Ndiye aliyekuwa akiosha filamu za watu wote wa mji ule waliokuwa na kamera, katika chumba kidogo cha giza alichojenga nyuma ya duka. Hakungoja kuulizwa.

"Dawa yangu ni nzuri, Mama. Jana nimeosha filamu ya bwana wa posta kwa dawa hiyo hiyo. Safi kabisa. Na marehemu Shitanda alipiga picha kwa kamera hii miaka mingi, nikaosha mimi, zote zikatoka safi. Kamera ni ile ile. Dawa ni ile ile. Mtu tu ndiye mwingine. Sasa wewe niambie, kosa liko wapi?"

Kila Nasike alipolipindua neno lile kichwani mwake, alilikuta limesimama imara. Aliaga, akaenda zake.

Shitanda, mumewe, alikuwa amefariki mwezi wa pili mwaka ule ule kwa ugonjwa wa mapafu. Alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa Turbo, na mzungu huyo alipofunga shamba na kurudi kwao alimwachia kamera ya kukunja, yenye mfuko wa ngozi nyeusi unaonyooka na kukunjika kama kinanda cha kuvuta kwa mikono. Kwa kamera hiyo Shitanda aliacha upishi, akawa mpiga picha. Nasike alikuwa pembeni yake siku zote za soko, anawapanga watu, ananyoosha kola, anawafuta watoto makamasi, na kila alilolifanya mumewe alilitazama mpaka likamwingia. Baada ya mazishi alirudi Eldoret pamoja na binti yao Rosebella, akaendelea na kazi. Mwanzo watu walimshangaa mwanamke mwenye kamera. Kisha wakamzoea. Sasa walikuwa wameanza kumkimbia.

Nyumbani, katika chumba chake cha lokesheni, mtaa wa Waafrika, alimkuta shemeji yake Murunga amekaa kando ya moto, miguu yake mirefu imeziba njia yote. Murunga alikuwa mdogo wa marehemu. Alikuwa amefika Alhamisi kutoka kwao Malava, na alikuja kwa jambo moja tu, ingawa kwa adabu alikuwa hajalitaja mpaka alipomaliza kula chakula chake cha kwanza.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi ya Shitanda, vitu vyake vilitolewa uani mbele ya wazee, na kila kimoja kikakabidhiwa mtu: koti kwa huyu, baiskeli kwa yule, jembe kwa yule mwingine. Kamera haikuwapo. Ilikuwa imelala ndani ya sanduku Eldoret, na katika kilio kile hakuna aliyeikumbuka. Kwa hiyo, machoni pa ukoo, kamera haikuwa na mwenyewe. Na watu wa Malava wanajua kwamba chombo cha marehemu ambacho hakijakabidhiwa hakitulii mkononi mwa anayekitumia. Habari za picha zilizoharibika ziliwafikia. Wazee wakaamua: ikiwa kamera inamlisha mjane na mtoto, iachwe, ikiwa haiwalishi, Murunga aichukue, iuzwe kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akiitaka, na mjane arudi nyumbani na mtoto, ambako shamba lipo. Murunga alipaswa kupanda garimoshi la Jumatano.

Nasike hakulidharau shamba la Malava. Alilipenda. Lakini Rosebella alikuwa shuleni hapa, na yeye mwenyewe, jioni, alikuwa akihudhuria darasa la kisomo cha watu wazima katika jumba la kanisa. Wiki ile ile alikuwa amesoma ukurasa mzima bila kuweka kidole chini ya mstari. Malava hapakuwa na darasa la namna hiyo kwa akina mama.

"Zimetokaje?" Murunga aliuliza.

Nasike alimpa bahasha. Murunga aliinama kwenye mwanga wa mlango, akazitazama picha zote, moja baada ya nyingine, kwa uso wa mtu anayesikiliza habari za mgonjwa.

"Shemeji," alisema mwishoni, "usikasirike. Lakini hapa naona ndugu yangu ameweka mkono wake juu ya kioo, anasema, nani amekupa ruhusa?"

"Ndugu yako hakuwa na wivu hata na chakula chake. Leo awe na wivu na kamera?"

"Mtu akifa hubadilika."

"Wewe umekufa mara ngapi, unajua?"

Murunga alicheka, maana hakuweza kujizuia mbele ya neno zuri hata likimpiga yeye mwenyewe. Hata hivyo, hakuiweka bahasha chini.

Wakati huo Jepchirchir aliingia bila kubisha, kama ilivyokuwa desturi yake, akiwa amebeba kibuyu cha maziwa begani. Alikuwa mama wa Kinandi aliyeuza maziwa lokesheni, naye na Nasike walikaa benchi moja katika darasa la kisomo. Alimsalimu Murunga, akapewa kigoda, akapewa na bahasha pia, maana katika chumba kidogo namna ile hakuna siri.

"Mama Rosebella," alisema baada ya kuzitazama, "ni nini hii? Mnapiga watu picha wakiwa ndani ya jiko?"

"Lalji anasema ni mkono wangu. Huyu anasema ni marehemu. Mimi nilikuwa nasema ni kamera, lakini sasa sijui tena."

"Mmepima?"

"Kupima nini?"

Jepchirchir alikiweka kibuyu chini, akakaa vizuri. "Mwaka juzi maziwa yangu yaliharibika. Yanaganda vibaya, yanakuwa machungu. Mimi nikasema ni ng'ombe. Mume wangu akasema ni mkono wangu, eti naosha kibuyu kwa haraka nikimbilie kusoma. Mama mkwe akasema ni kibuyu chenyewe, kimezeeka. Tukagombana mpaka tukataka kumuuza ng'ombe. Ng'ombe mzuri, hana neno na mtu. Basi siku moja nikasema, ngoja. Nikachukua maziwa ya ng'ombe huyo, nikayatia katika kibuyu changu na katika kibuyu cha mama mkwe. Nikachukua na maziwa ya ng'ombe wake, nikayatia kibuyu changu. Kila kitu kingine nikakiacha vile vile: mkaa ule ule wa kusugulia, siku zile zile, mahali pale pale. Kila kilichopita katika kibuyu changu kikaharibika. Kila kilichopita katika chake kikawa kizuri. Kulikuwa na ufa ndani, mwembamba, maziwa ya zamani yamejificha humo."

"Basi mama mkwe alishinda," Murunga alisema.

"Alishinda, na hajanyamaza mpaka leo. Lakini ng'ombe wangu yuko." Alimgeukia Nasike. "Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, hujui kitu. Badilisha kimoja."

Siku iliyofuata, wakati wa ibada, Nasike hakusikia sana mahubiri. Alikuwa akiweka maziwa na vibuyu katika akili yake, akiviita kwa majina mengine. Mkono ni ng'ombe. Kamera ni kibuyu. Kwa hiyo ilimpasa kupata kamera nyingine na mkono mwingine, na akajua mtu mmoja tu mwenye vyote viwili.

Jumatatu asubuhi Lalji alimsikiliza akiwa amekunja mikono. Mwanzoni uso wake ulikuwa wa mtu aliyeombwa kitu kisicho na faida. Lakini alikuwa mtu aliyependa kazi ya picha kuliko kazi ya vitambaa, na polepole mikono yake ilikunjuka.

"Mimi nipige kwa kamera yako, wewe upige kwa yangu," alirudia. "Jua lile lile?"

"Jua lile lile, kiti kile kile, mtu yule yule. Na filamu zote uzioshe kwa dawa moja."

"Na tukikuta ni mkono wako, Mama?"

"Basi utanifundisha, au shemeji yangu ataondoka na kamera. Lakini nitakuwa nimejua."

Mtu yule yule alikuwa Murunga. Walimketisha kwenye kiti nyuma ya duka, ukuta mweupe mgongoni mwake. Alikaa wima kama mtu aliyeitwa barazani kwa chifu. Lalji alipiga kwa kamera ya Shitanda. Kisha Nasike aliipokea kamera ya Lalji kwa mikono miwili, akapima mwendo kwa miguu yake kama alivyomwona mumewe akipima, akatazama jua lilikoelekea, akamwambia Murunga ainue kidevu, akabonyeza.

"Kidevu nimeinua kwa nani, kwa Mhindi au kwako?" Murunga aliuliza bila kusogeza midomo.

"Kwa wote wawili. Nyamaza."

Alasiri Lalji aliwaita. Alikuwa ameziweka picha mezani, mbili kando ya mbili. Alirudi nyuma kuwapisha. Picha za kamera ya Lalji, zilizopigwa na Nasike, zilikuwa safi. Vifungo vya koti la Murunga vilionekana kimoja kimoja, na kovu la kwenye nyusi alilolipata utotoni akichunga mbuzi. Picha za kamera ya Shitanda, zilizopigwa na Lalji mwenyewe, zilikuwa na moshi ule ule na mstari ule ule wa maziwa.

"Mkono wako ni mzima, Mama," Lalji alisema. "Nilikosea. Wangu pia umetoa ukungu."

Kwa miezi mingi Nasike alikuwa amelala na mikono yake kama mtu anayelala na mshitakiwa. Sasa aliitazama, mikono yenye makovu ya jiko na jembe, akajisikia kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Lakini furaha hiyo haikuwahi kutulia, maana Murunga alivuta pumzi ndefu.

"Basi ndiyo hivyo. Mkono si mbaya, dawa si mbaya. Ni kamera. Kama haitaki mkono wako na haitaki wa Mhindi, inamtaka mwenyewe tu. Shemeji, mimi nitaibeba Jumatano. Kwa roho safi kabisa, sasa najua si kosa lako."

Nasike aliona kwamba ushindi wake umemfikisha pabaya kuliko alikokuwa. Mkono mbaya ungeweza kufundishwa. Kamera mbovu ingemrudisha Malava hata mikono yake ikiwa ya dhahabu.

Usiku ule alilala akiwa amechoka, na Jumanne asubuhi, kabla ya Murunga kuamka, alifungua sanduku, akatoa picha zote zilizobaki, zile ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua na zile alizoachiwa na marehemu. Alizipanga sakafuni kwa miezi, za zamani karibu na mlango, za karibuni karibu na moto. Murunga alipozinduka alimkuta amepiga magoti katikati yake.

"Unacheza karata?"

"Njoo utazame. Hizi ni za ndugu yako. Ukungu uko wapi?"

"Haupo."

"Mstari mweupe je?"

"Haupo pia."

"Hizi ni za mwezi wa nne, nilizopiga mimi mara ya kwanza. Ukungu?"

Murunga alipiga goti naye. "Hapana. Watu wanaonekana vizuri. Lakini mstari uko."

"Na hizi za mwezi wa sita mpaka sasa?"

"Vyote viwili." Alikuna kidevu. "Kwa hivyo ndugu yangu alikasirika kidogo mwezi wa nne, akakasirika sana mwezi wa sita."

"Au ni magonjwa mawili, shemeji. Tumekuwa tukitafuta mmoja tu, kumbe yalikuja siku mbalimbali, na kila mmoja una sababu yake." Aliposema hivyo ilikuwa kama pale darasani herufi zilipoanza kuungana zikawa neno. "Mwezi wa sita nilibadilisha nini?"

Alijiuliza kwa sauti, na jibu lilikuwa juu ya kichwa chake. Mwezi wa sita ndipo mvua na baridi ya Eldoret ilipozidi, kila kitu chumbani kikawa na ukungu wa uvundo, hata viatu vikaota nywele za kijani. Nasike alifanya alichofanya mama yake na mama wa mama yake kwa kitu chochote kisichotakiwa kuguswa na unyevu. Aliipandisha kamera darini, kwenye uchaga wa fito juu ya moto, pale panapokaa mahindi ya mbegu ili wadudu wasiyale. Kila jioni aliiweka kamera pale, akiiacha wazi ikauke vizuri kama kibuyu kilichooshwa. Hakuna mtu wa kwao ambaye angemlaumu. Angesifiwa kwa kutunza.

Aliinua mikono, akaishusha kamera kutoka kati ya mahindi. Maganda ya mahindi yale yalikuwa yamegeuka meusi. Alichukua kitambaa cheupe cha kanisani, akakilowesha kidogo, akapangusa kioo. Aliposhika kitambaa kwenye mwanga, kilikuwa na doa la rangi ya chai.

Murunga aliinama, akalinusa doa lile.

"Ulikuwa unaipa moshi," alisema.

"Nilikuwa naipa joto. Na kila asubuhi nilikuwa nakipangusa kioo kwa pindo la leso. Nilikuwa nausambaza tu." Alikaa chini. Haikuwa rahisi kulisema. Jana alikuwa amesafishwa mbele ya watu, na leo kosa lilikuwa limemrudia nyumbani, tena kutoka mahali alipopaona pa salama kuliko pote. "Huu mmoja ni wangu, shemeji. Si wa kamera, wala si wa ndugu yako."

Murunga hakumtania. Alichukua kitambaa, akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya sanduku. "Basi bado mmoja," alisema. "Huu wa mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne hakuna kilichobadilika. Kamera ile ile, mahali pale pale, soko lile lile. Yeye alikwenda, mimi nikabaki. Nilifanya kila alichofanya."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Nilipima kwa miguu kama yeye. Nilisimama jua likiwa mgongoni kama yeye."

"Na kofia?"

"Kofia gani? Mimi mwanamke nitavaa kofia?"

"Si kuvaa. Kuvua." Murunga aliinuka, na ghafla, ndani ya chumba kile kidogo, akawa ndugu yake. Alishika kamera isiyokuwapo kwa mkono mmoja, akainua mkono mwingine kichwani, akavua kofia isiyokuwapo kwa adabu kubwa, akaishikilia mbele yake. "Hivi. Kila akipiga mtu picha, anamvulia kofia kwanza. Tulimcheka sana nyumbani. Tulisema wazungu wamemfundisha heshima ya ajabu, anamsalimu kwa kofia hata mtoto wa miaka miwili."

Nasike alikuwa ameiona heshima ile mara elfu, akaipenda, na hakuwahi kuifikiria kuwa ni sehemu ya kazi. "Ngoja," alisema. "Usiushushe mkono. Kofia alikuwa anaiweka wapi?"

Murunga alitazama mkono wake mwenyewe. Ulikuwa umesimama juu ya kamera isiyokuwapo, umeutia kivuli mfuko ule wa ngozi.

"Kumbe jua linaingilia pale," Nasike alisema. Tayari alikuwa ameshika leso yake, waende dukani.

Walipofika dukani, walimkuta Lalji ndiyo kwanza anafungua milango. Nasike alimweleza habari ya doa na habari ya kofia, akimaliza moja kabla ya kuanza nyingine, kama mwalimu wa kisomo alivyopenda. "Bati la nyumba likivuja," alisema, "hatulitafuti tundu kutoka nje. Tunaingia ndani mchana, tunafunga mlango, tunatazama juu. Tundu linajionyesha lenyewe kwa mwanga. Lakini mimi siwezi kuingia ndani ya kamera."

"Taa inaweza," Lalji alisema, na tayari alikuwa akitafuta tochi yake chini ya meza.

Waliingia watatu katika chumba cha giza, wakabanana, Murunga ameinamisha shingo. Lalji alifungua mgongo wa kamera, akaunyoosha mfuko wake mpaka mwisho, akaingiza tochi kwa ndani na kuziba nafasi yote kwa kitambaa cheusi, kisha akawasha. Kwanza hawakuona kitu. Nasike aliigeuza kamera polepole mikononi mwake. Na pale, kwenye kona ya mkunjo mmoja upande wa juu, paliwaka nyota ndogo, ndogo kuliko tundu la sindano.

"Huyo," Murunga alinong'ona, kama mtu anayeogopa kumtimua ndege.

"Ngozi imechoka kwenye mkunjo," Lalji alisema. "Imechoka tangu zamani. Na Shitanda alijua. Miaka yote ile mimi nilidhani naosha picha za kamera nzima."

"Kwa nini hakuniambia?" Nasike aliuliza.

Ni Murunga aliyejibu. "Labda hata yeye hakujua kwa maneno. Aligundua tu kwamba akiifunika, picha zinakuwa nzuri. Baadaye ikawa tabia. Mimi mwenyewe nafunga lango la kwetu kwa goti, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini."

Lalji alisafisha kioo kwa spiriti na pamba, mbele na nyuma, taratibu, mpaka pamba ikatoka nyeupe. Kisha akakata kipande kidogo cha ngozi kutoka kwenye glavu nyeusi iliyobaki bila mwenziwe, akakibandika kwa gundi juu ya tundu. Walipowasha tochi tena chumbani, palikuwa na giza tupu, na Nasike hakuwahi kulifurahia giza namna ile.

Mchana, gundi ilipokauka, Murunga alikaa tena kwenye kiti kile kile. Safari hii hakukaa kama mtu aliyeitwa kwa chifu. Alikuwa anacheka jambo fulani alilolisema mwenyewe, na Nasike alibonyeza kabla hajamaliza kucheka.

Jumatano asubuhi, kabla ya saa ya garimoshi, walikwenda kuichukua picha. Lalji aliitoa kwenye bahasha, akaitazama mwenyewe kwanza, akaisukuma juu ya meza. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na maziwa yaliyomwagika. Alikuwapo Murunga tu, na meno yake yote, na kovu lake, na nyuma yake ukuta mweupe uliokuwa mweupe kwa haki.

"Huyu ni mzuri kuliko mimi," Murunga alisema.

"Ni wewe, shemeji. Huyo ndiye tunayemwona sisi."

Stesheni ilikuwa imejaa magunia na kuku na watu waliovaa makoti mazito. Murunga alikuwa na mfuko wake mdogo tu. Kamera ilibaki begani mwa Nasike, katika mkoba wa turubai aliokuwa ameushona upya ili uwe na kifuniko, na tangu jana ilikuwa inalala ndani ya sanduku, mbali na moto, imezungukwa na mchele mkavu uliofungwa katika kitambaa.

"Wazee wataniuliza iko wapi," Murunga alisema.

"Utawaambia nini?"

"Nitawaonyesha hii kwanza, nikae kimya, wagombanie nani mzuri zaidi, mimi au picha. Halafu nitawaambia kwamba marehemu hakumzuia mtu. Alikuwa anaificha aibu ya chombo chake kwa kofia, basi. Na kwamba wewe ndiye umeijua kamera hiyo kuliko yeye, maana yeye aliifunika, wewe umeitibu." Aliuvuta mfuko wake begani. "Siwezi kusema kwa niaba yao wote. Kuna wawili wagumu. Lakini watakaponiuliza mimi kama ndugu wa marehemu ni nani wa kukabidhiwa, nitasema jina lako, na nitalisema nikiwa nimesimama."

"Asante, shemeji."

"Usinishukuru. Nikirudi mwezi wa kumi na mbili unipige nyingine, na mke wangu. Yeye hatacheka, nakuonya."

Garimoshi lilipoanza kusogea kuelekea Turbo na Broderick Falls, Murunga alitoa kichwa dirishani, akainua mkono kichwani kana kwamba anavua kofia, na Nasike alicheka peke yake katikati ya watu. Kisha hakungoja mpaka moshi wa garimoshi upotee. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko, jua lilikuwa limetoka baada ya mvua nyingi, na kama angeharakisha angeweza kupata gari la maziwa linalorudi Kesses, ambako Mzee Kiptoo na mkewe walikuwa bado wanamdai sura zao.

Nawe uliyefika mwisho huu kwa kusoma mwenyewe, usiifunge karatasi hii na kuiweka darini. Mtafute jirani ambaye bado hajui kusoma, umsomee polepole, na umwombe naye amsimulie mwingine, hasa yule aliyeambiwa kwamba mikono yake ni mibaya na bado hajapata nafasi ya kuipima.